Ng'ombe Wawili na Mtandao Mmoja

1 Septemba

Naandika hapa ili nisiende kumtukana mtu. Nimefundisha darasa la nne miaka mingi na nikikasirika sauti hutoka yenyewe. Sasa mtaa wetu huu wa Bonde Jipya ni geti moja, barabara moja na nyumba zilizopangana chini ya kilima, nje kidogo ya mji wa Tarime. Nikipiga kelele jikoni kwangu, mwenyekiti anasikia akiwa chooni kwake.

Jioni mtandao umekata tena katikati ya somo la Boke. Mwalimu Steven alikuwa anaeleza namna figo inavyochuja damu. Alikuwa anakaribia kwenye mkojo, akaganda mkono ukiwa kiunoni. Tumemsubiri hadi chai ikapoa. Boke amefunga daftari, akaenda kulisha kuku bila kunitazama.

3 Septemba

Inazunguka. Jioni nzima hako kaduara kanazunguka.

4 Septemba

Leo Mama Elia wa nyumba ya pili ameniambia, "Si amsikilize tu mwalimu hata kama picha haiji?" Nikamwambia, "Mama Elia, mwanangu ni kiziwi." Akasema, "Ee, najua, lakini hata kidogo tu." Nimerudi ndani.

Acha niandike vizuri, labda na mimi nitatulia. Boke hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Sekondari alifika kidato cha tatu akaacha, maana alikuwa anakaa mbele kutazama midomo ya walimu, na walimu wanageukia ubao. Sasa anajiandaa kufanya mtihani wa kidato cha nne Novemba hii kama mtahiniwa wa kujitegemea. Steven yuko Mwanza, naye ni kiziwi, na kila jioni akitoka kazini kwake anamfundisha kwa lugha ya alama kwa video. Bila Steven hakuna mtihani, na bila mtandao hakuna Steven.

Mtu anayesikia, mtandao ukiyumba, anaokota neno hapa na neno pale, anaunganisha mwenyewe. Mikono haiokotwi namna hiyo. Ikiganda imeganda, na kilichopita hapo katikati hukipati tena. Simu nazo humu bondeni kilima kinaziziba. Ujumbe wa maandishi unafika. Kupiga au kujibu, unasimama juu ya tofali karibu na tenki la maji. Video kwa bando la simu usahau. Ndiyo maana tunategemea ule mtandao wa waya unaoingia ndani, na mtaani kwetu unaruhusiwa wa Kampuni moja tu.

Boke humpa kila mtu jina la mikono. Steven ni kuvuta sikio. Mzee Wangwe, mwenyekiti wetu wa Umoja wa Wakazi, ni kupandisha suruali, kwa sababu hafanyi lingine akisimama. Mimi ni viganja viwili kupigana mara moja, kama ninavyopangusa vumbi la chaki nikirudi shuleni. Hilo ndilo jina langu nyumba hii. Lugha yenyewe nimejifunza ukubwani na mikono yangu ni mizito, Boke ananicheka, lakini jina langu nikiliona hata pembeni ya jicho nageuka.

7 Septemba

Nimewapigia Kampuni nikiwa juu ya tofali. Wamesema nizime kile kisanduku, nisubiri kidogo, niwashe. Nimezima, nimesubiri, nimewasha.

8 Septemba

Nimezima. Nimewasha.

11 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Wangwe. Nilijipanga kabisa njiani, maneno yote tayari kichwani, nikafika nikasema shikamoo yakakimbia yote. Ni mstaafu wa mgodini, mtu mwenye moyo mkunjufu, hakuna msiba mtaani asioufika wa kwanza. Amenikaribisha uji.

"Mwalimu, najua shida yako," amesema. "Hata mimi juzi mpira umeganda, mtu anataka kupiga penalti. Nimekuja kujua matokeo asubuhi kwa muuza maziwa."

"Mzee, wewe ulikosa penalti. Mwanangu anakosa mtihani."

"Nakuelewa kabisa."

"Basi niruhusu nivute ule mtandao mwingine. Nguzo yao iko hapo barabarani, naiona nikiwa dirishani kwangu. Nimeongea nao, wanasema hata kesho wanakuja, wanataka tu ruhusa ya Umoja waya upite getini."

Akasimama, akapandisha suruali. "Hapo ndipo penye ugumu. Kampuni walitujengea geti, wakatuwekea taa na pampu ya kisima. Na sisi tukawaambia, humu ndani ni nyinyi peke yenu, miaka mitano. Sasa mimi niende nikaseme nini?"

Nimemwambia mimi sikutia sahihi popote. Akacheka kwa upole tu, akasema nilete hoja kikaoni. Uji wake ulikuwa mzuri, na hilo nalo limeniudhi.

15 Septemba

Joto. Vumbi la barabarani linaingia hadi kwenye chumvi. Steven ametuma somo kwa maandishi. Boke amelisoma akasema kwa mikono, "Hii ni lugha ya kwenu." Maana yake sisi tunaosikia. Kiswahili cha kitabu kwake ni lugha ya pili, kama kilivyokuwa kwangu mtoto wa Kikurya nilipoanza darasa la kwanza. Sikuwahi kukifikiria hivyo.

22 Septemba

Kikao. Nina hasira hadi kalamu inatoboa karatasi.

Tumekaa kwenye viti vya plastiki karibu na geti. Nimesimama nikasema yote: mtihani, mikono, nguzo ile pale kila mtu anaiona. Nimeongea vizuri, najijua nikiongea vizuri. Watu wametikisa vichwa. Sadick seremala ambaye nyumba yake inapakana na yangu amesema, "Mwalimu ana haki, kila mtu achague anachotaka kulipia." Hata Mama Elia amesema ndiyo.

Mzee Wangwe akanishukuru. Kisha akasema, "Nikuulize moja tu, mwalimu. Siku Kampuni walipoleta ng'ombe hapa getini, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulikula?"

"Nilikula, mzee."

"Ulikula sehemu gani?"

Nikasema, kama mjinga, "Mbavu." Watu wote wakacheka. Mimi mwenyewe nilikaribia kucheka. Mzee hakucheka. Akasema, "Basi," akakaa.

Mtu wa mbali anaweza kudhani ni utani. Huku kwetu jambo zito wazee walilikata kwenye ritongo, kikao cha watu wote, na mkishakula mnyama wa kikao hakuna anayerudi nyuma kusema mimi sikukubali. Karatasi ni kazi ya katibu, lakini aliyekula amesema ndiyo. Bonde Jipya siyo kijiji cha ukoo mmoja. Tuko Wakurya, Wajaluo, watu wa Ikoma, na wafanyabiashara Waislamu kama Sadick. Lakini kwa Mzee Wangwe hiyo ndiyo namna anayoijua ya kuendesha watu, na tulimchagua kwa hiyo hiyo.

Sadick akasimama. "Mzee, na mimi ndiye niliyemchinja yule ng'ombe, ili wote tuweze kula. Nilidhani ni sherehe ya geti!"

"Sote tulidhani ni sherehe," akasema Werema, katibu wetu. "Ila hakuna aliyeuliza."

Hakuna aliyeuliza, huo ni ukweli. Nyama ilikuwa inanukia.

Tulipokuwa tunakusanya viti Mzee Wangwe amenivuta pembeni. "Mwalimu, mlango haujafungwa kabisa. Jambo lililoliwa, mtu akitaka tulikalie upya, analeta ng'ombe wake mwenyewe. Ndivyo inavyokwenda." Nikamuuliza atanikopesha yeye? Akapandisha suruali.

25 Septemba

Sadick, Mungu ambariki. Karakana yake iko mjini karibu na soko, na huko anatumia ule mtandao wa nguzo. Amesema Boke aende akasomee huko jioni, kuna kona yenye makochi yasiyochukuliwa. Mkewe Arafa akaniambia, "Mama Boke, kelele tu ndiyo shida, randa ya umeme inalia kama imekanyagwa." Kisha akajishika mdomo, tukacheka wote wawili hadi machozi.

27 Septemba

Nimemsindikiza nione. Randa inapiga kelele, vumbi la mbao linapepea, mafundi wanapigiana mayowe, na katikati pale binti yangu amekaa kwenye kochi lisilo na kitambaa anaongea na Mwanza bila kukatika hata mara moja. Mikono ya Steven ilikuwa inakwenda kama maji. Boke amebishana naye hesabu, akashinda. Sijawahi kumwona anabishana na mwalimu.

Nimefurahi, na ninaandika hivyo hivyo ili nikumbuke.

30 Septemba

Somo zuri. Figo imekwisha, wapo kwenye mimea.

3 Oktoba

Mvua ya kwanza. Imekuja na upepo kutoka upande wa ziwa, mabati yamelia kwa vishindo. Mtandao wa nyumbani umekufa kabisa tangu mchana. Barabara ya mjini imekuwa utelezi, Boke amerudi na viatu mkononi.

6 Oktoba

Mvua. Steven anatoka kazini jioni tu, kwa hiyo somo likiisha jua linakuwa limezama. Nimemwambia Boke asiende leo. Amenitazama, akavaa koti la mvua, akaenda.

9 Oktoba

Bodaboda imemgonga.

Alikuwa anarudi kwa miguu pembeni ya barabara, mvua inanyesha. Dereva amepiga honi, amepiga, amepiga, amedhani ni mtu mwenye kiburi anayekataa kupisha. Alipojaribu kumkwepa akateleza. Boke ameangukia mkono wa kulia. Kijana wa bodaboda amemleta mwenyewe hospitali, akakaa kwenye benchi analia. "Nilipiga honi, mama. Nakuapia nilipiga honi." Nikamwambia najua. Nilikuwa nimejiandaa kumkata makofi, nikajikuta nampa leso yangu.

Mfupa haukuvunjika. Kifundo kimeteguka, wamekifunga bendeji kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Daktari amesema asiutumie mkono kwa muda. Amesema hivyo kama anayemwambia mtu asibebe ndoo. Nikamwambia, "Daktari, huu mkono ndio anaoongelea." Akasema atafupisha bendeji kidogo.

Nyumbani Boke amejaribu kuniambia kitu kwa mkono wa kushoto. Sikuelewa. Amerudia, sikuelewa. Akaacha, akageukia ukuta. Nimekaa kitandani kwake namshika mguu, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

10 Oktoba

Sikwenda shule. Karakana basi, sitaki tena kusikia habari ya karakana. Sadick amekuja kuomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyeleta mvua.

12 Oktoba

Nimepanda kwenye tofali nikampigia kaka yangu Nyangwine kule Nyanungu. Nina maksai mmoja kwake, anaitwa Baunsa, ndama wa mtamba niliyenunua mwaka niliopata ajira. Ndiye kiongozi wa jembe la Nyangwine.

"Dada, mvua zimeanza," amesema. "Leo ndiyo nimemfunga jembeni. Unataka nilime na mbuzi?"

"Namhitaji."

"Ng'ombe wa kulima, wakati wa kulima, aende akaliwe na watu wa mjini kwa ajili ya waya?"

Kusikia inasemwa hivyo, hata mimi niliona aibu. Nikamwambia habari ya mkono wa Boke.  Akasema, "Nitamleta Ijumaa. Ila mimi simli."

18 Oktoba

Baunsa amefika, amefungwa kwenye mpera. Boke amekaa naye mchana wote. Amempa jina la mikono: ngumi mbili kifuani. Nimemwambia kwa nini unampa jina sasa? Akaendelea kumkuna shingo.

20 Oktoba

Naandika taratibu, nisiruke kitu.

Asubuhi ilikuwa kavu, ya kwanza wiki hii. Sadick amechinja tena. Wanaume wameweka moto karibu na geti, wanawake wamesonga ugali, na watu wamekuja wengi kuliko kikao kilichopita. Mzee Wangwe ameita pia kijana wa Kampuni, yule anayekuja kurekebisha visanduku, kavaa fulana yenye nembo. Mzee amemkalisha karibu yake akamwekea sahani mwenyewe. Mimi nimesimama kumtazama huyo kijana kila tonge. Nilitaka ale. Nimemwongezea hata nyama.

Boke ameshiriki kugawa, mkono mmoja kwenye bendeji. Nyangwine alikaa juu ya gogo mbali, anakunywa chai tupu.

Baada ya kula Mzee Wangwe amesimama. Amesema kwa Kiswahili, akasema kwa Kikurya, kwamba lile jambo tulilolila mwanzo sasa mwalimu amelifungua, na kila mtu aseme. Nikaombwa kuongea. Safari hii sikuongea vizuri. Nimesema tu, "Mnamwona mwenyewe," nikanyoosha kidole kwa Boke. Mzee akauliza nani anakubali kila nyumba ichague mtandao wake. Mikono yote imeinuka. Yote. Mama Elia ameinua miwili. Boke aliona ile mikono hewani akafungua mdomo kwa mshangao, maana kwa mara ya kwanza mtaa mzima ulikuwa unasema kitu anachokielewa bila mimi kumtafsiria.

Mzee Wangwe alikuwa na machozi machoni. "Mwalimu ameshinda," alisema.

Kijana wa Kampuni akanawa mikono. Akanawa vizuri, kidole kwa kidole. Akasema, "Wazee wangu, mama zangu, nimeshiba, asanteni sana. Lakini mkataba uko Mwanza kwa mwanasheria wetu. Unasema miaka mitano. Mkiingiza kampuni nyingine, wenzangu watakuja kung'oa geti, na taa, na pampu. Siyo mimi ninayesema, ndivyo ilivyoandikwa."

Mzee Wangwe akaitazama sahani ya kijana. 

"Lakini umekula," akasema Mzee Wangwe.

"Nimekula, mzee."

"Umekula hapa na sisi, mbele ya watu wote."

"Ndiyo, mzee. Shikamoo." Alichanganyikiwa kabisa, akaamkia katikati ya mazungumzo. "Mimi ni mfanyakazi tu. Yule mwanasheria hata simjui sura."

Nilitegemea mtu apige kelele. Hakuna aliyepiga. Werema ameuliza tu, kwa sauti ndogo, kisima tungechotaje bila pampu. Mama Elia akasema kwao kuna watoto wadogo. Mwingine akasema labda tusubiri miaka iishe. Niliona mikono ile ile iliyokuwa hewani imerudi mapajani, mmoja mmoja, bila mtu kuulizwa upya. Na siwezi kuwalaumu, maana maji ni maji.

Ng'ombe wao alitufunga sisi. Ng'ombe wangu hakumfunga mtu yeyote. Nyangwine ameondoka bila kuaga, na kamba ya Baunsa begani.

22 Oktoba

Mvua. Mzee Wangwe amekuja na ngozi ya Baunsa, ameiviringisha na kuibeba begani mwenyewe, koti lote limelowa. "Ngozi ni ya mwenye ng'ombe," alisema. Nikamkaribisha, akakataa kukaa.

"Mwalimu, mimi maisha yangu yote nimejua mtu akila na mimi tumeelewana. Hata mgodini, na wazungu wale, mtu akila na wewe mmeelewana." Akaishusha ngozi mlangoni. "Huyu mwanasheria, ningempata wapi nimpe hata chai?"

Nilikuwa namchukia mzee huyu tangu Septemba. Leo nimemtazama pale mlangoni, mtu mzima aliyelowa, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Nimempa taulo.

23 Oktoba

Nimewamba ngozi uani kwa vigingi. Haiwezi kukauka kwa hali hii.

24 Oktoba

Bendeji imetolewa. Vidole vinacheza. Amekaa mbele ya kioo anaongea mwenyewe, kama mtu aliyetoka kwenye kimya.

26 Oktoba

Steven ameandika: Boke aende Mwanza akae kwao hadi mtihani uishe. Mkewe Zuleha anasikia, lakini nyumbani kwao wote wanaongea kwa mikono, hadi mtoto wao mdogo. Atabadilishiwa kituo cha mtihani, Steven amekwisha kuulizia.

Nilimwonyesha Boke ujumbe. Nilitegemea afikirie kidogo. Alikwenda moja kwa moja kutoa begi juu ya kabati.

28 Oktoba

Ameondoka na basi la alfajiri. Mzee Wangwe alikuwa getini, sijui aliamka saa ngapi. Alimsimamisha Boke, akajitazama mikono yake, kisha akapandisha suruali taratibu mara mbili akijinyooshea kidole. Kumbe alikuwa anajua kwamba hilo ndilo jina lake. Boke alicheka akamkumbatia. Mimi ndiye niliyelia, huko stendi, kati ya wauza karanga.

2 Novemba

Mvua. Ngozi inanuka.

5 Novemba

Nimejaribu kumwona kwa video. Amekuja vipande vipande: sikio, ukuta, kiganja. Ameandika baadaye, yuko salama.

11 Novemba

Mtihani umeanza. Darasani leo nimewafundisha watoto kugawanya, nikakosea ubaoni, wakanirekebisha.

17 Novemba

Mvua. Hakuna mtandao tangu Alhamisi. Kampuni wanasema nizime, niwashe.

26 Novemba

Mitihani imekwisha. Ameandika kwamba baiolojia waliuliza figo. Nimekaa jikoni nacheka peke yangu. Nimefua mashuka yake, nimenunua mchele na kumwambia Arafa aniwekee jogoo.

29 Novemba

Ujumbe mrefu. Naunakili kama ulivyo, na makosa yake, kwa sababu ni wa kwake.

"Mama mimi naomba kubaki huku. Steven ana watoto wadogo viziwi jumamosi wanahitaji wa kuwafundisha. Huku nikiongea watu wananiona. Muuza maandazi anajua kunisalimia. Huko nyumbani wewe peke yako unajua na wewe mama unajua kidogo. Usikasirike."

Sikukasirika. Ningemjibu nini? Kwamba arudi akae na mimi na kuku, tutazame kaduara? Nimesimama juu ya tofali mvua inaninyeshea, nikaandika, "Baki mwanangu." Ujumbe ulikwenda mara moja. Maneno ya namna hiyo tu ndiyo mtandao huu unayabeba vizuri.

1 Desemba

Nimeitupa ngozi. Ilioza katikati, funza wameingia. Sadick ndiye aliyechimba shimo.

4 Desemba

Najifunza. Nimeazima kitabu cha alama chenye picha, najifanyisha mazoezi kwenye kioo kile kile. Jana Mzee Wangwe amekuja kuuliza habari, akakuta niko kwenye wanyama, akakaa tukajifunza wote hadi simba. Alama ya ng'ombe tuliiruka.

8 Desemba, Jumapili

Leo mvua imepumzika na watu wengi wako kanisani, kwa hiyo nikasema nijaribu, labda njia itakuwa nyeupe. Nimevaa blauzi ya rangi moja ili mikono yangu ionekane. Imeita. Akaja.

Akaja mzima! Amesuka nywele. Amenenepa. Nyuma yake watoto watatu wanasukumana, mikono yao inakwenda haraka sana, mmoja anamvuta nguo na yeye anamwambia subiri bila hata kumtazama, kama mwalimu. Nikamwambia, polepole, sentensi niliyoifanyia mazoezi wiki nzima: "Nimekuona. Umependeza. Nyumba ni kubwa." Akacheka, nadhani nyumba niliikosea. Akawafukuza watoto. Akakaa vizuri, uso umebadilika, umekuwa wa mtu anayetaka kusema jambo. Akainua mikono.

Ikaganda.

Viganja vyake viwili vimegusana, katikati ya kifua. Ni mimi. Ni jina langu. Nilibaki nalitazama jina langu kwenye kioo cha simu, nasubiri linalofuata. Sikuzima, sikuwasha. Watu wametoka kanisani, nimesikia Mama Elia anapita anaimba, na viganja viko pale pale. Kisha simu yenyewe ikakata.

Nimepanda kwenye tofali nikamwandikia: "Ulikuwa unataka kusema nini?"

Jibu limekuja kabla sijashuka. "Hamna mama. Nilikuwa nakuita tu."